Ukilala, Nani Yuko Macho?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu na kaka zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii, na asanteni zaidi kwa kuja siku ya mapumziko.

Kwenye tangazo la mkutano huu waandaaji wameandika maneno ambayo nadhani ndiyo yamewavuta wengi wenu: "pesa inayoingia ukiwa umelala." Siwacheki. Maneno hayohayo yalinivuta hata mimi miaka kadhaa iliyopita. Nitaanzia hapo, maana simwamini sana mtu anayesimama kufundisha uwekezaji huku akionyesha faida zake tu.

Nilijiunga na programu moja ya simu. Unaweka fedha, wao wanasema wanazizungusha kwenye sarafu za kidijitali, na kila siku salio lako linapanda kwa asilimia 1. Asilimia 1 tu, nikajiambia, hawa si watu wa tamaa. Kila alfajiri, kabla sijanawa uso, nawasha simu kutazama namba. Imepanda. Wiki ya pili nikajaribu kutoa kidogo, zikaingia ndani ya dakika tano. Hapo ndipo nilipokwisha. Nikaweka akiba yangu yote ya mwaka, kisha nikampigia mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, aliyekuwa anadunduliza ili anunue mashine ya pili. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Weka kwanza huku, miezi mitatu tu utanunua mbili."

Mwezi wa tatu kitufe cha "Toa" kikawa cha kijivu. Ujumbe ukasema mfumo uko kwenye matengenezo. Siku nne baadaye wakatuambia tulipe kwanza asilimia 10 ya salio, eti ni kodi, ndipo watufungulie. Naona aibu kuwaambia kwamba nililipa. Baada ya hapo programu haikufunguka tena.

Mdogo wangu hakunigombeza. Nilipompigia kumweleza, nilisikia cherehani ikiendelea upande wa pili, halafu ikasimama. Akaniuliza: "Kaka, hivi zile hela zilikuwa zinatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua asilimia, nilijua tarehe za malipo, nilijua hata kamisheni ya kualika wenzangu. Zinatoka wapi, hilo sikuwa nimejiuliza hata siku moja, mimi niliyesoma. Aliyeuliza ni mtu ambaye kila senti yake imepita kwenye tundu la sindano.

Tangu siku hiyo nimelibeba swali lake, nikaligeuza kidogo liendane na tangazo: ukilala na pesa ikaingia, nani yuko macho? Kuna mtu hajalala. Lazima awepo. Pesa haizai kama sungura, ni mtu fulani mahali fulani anayefanya kazi, anayelipa kodi ya pango, anayerejesha mkopo. Mtu huyo ukiweza kumwonyesha kwa kidole, una uwekezaji. Usipomwona, huenda ni wewe.

Tuirudie ile asilimia 1 kwa siku, maana inasikika ndogo. Toeni simu zenu, fungueni kikokotoo. Weka 100,000, ikue kwa asilimia 1 kila siku, faida irudi kwenye mtaji. Mwaka ukiisha una kama milioni 3.78. Mwaka wa pili, karibu milioni 143. Mwaka wa tatu, bilioni 5.39. Sasa jiulizeni: mwenye mashine ya kuzalisha hivyo anahangaika vipi kukutafuta wewe usiku kwa ujumbe wa simu? Angekopa benki kwa riba yoyote ile, akatajirika peke yake, kimyakimya.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1920, mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alikuwa na maelezo mazuri tu: ananunua kuponi za posta za kimataifa katika nchi ambako ni rahisi, anazibadilisha kwa stempu kule ambako zina thamani zaidi. Kimsingi jambo hilo liliwezekana. Lakini watu walipokaa wakapiga hesabu, waliona kwamba kwa fedha alizokusanya zingehitajika kuponi kama milioni 160, na zilizokuwa kwenye mzunguko zilikuwa karibu 27,000. Waliotangulia walikuwa wanalipwa kwa fedha za waliofuata, basi. Aliyekuwa macho ni aliyesimama mwisho wa foleni.

Na msidhani wanaonaswa ni maskini au wasiosoma. Bernard Madoff, aliyeucheza mchezo uleule wa Ponzi, aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la Nasdaq la Marekani. Hakuahidi miujiza, alitoa asilimia 10 hivi kwa mwaka, kwa utulivu, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Utulivu ule ndio ungepaswa kuwashtua watu, kwa sababu soko halisi halitulii. Alipokamatwa Desemba 2008, taarifa za salio walizokuwa nazo wateja wake zilionyesha jumla ya dola bilioni 65 hivi, na sehemu kubwa yake haikuwahi kuwepo. Kuna jambo moja la kiufundi hapo ambalo naomba mlishike: kampuni yake ndiyo iliyosimamia uwekezaji, ndiyo iliyotunza mali za wateja, na ndiyo iliyochapisha taarifa za salio. Mfuko unaoendeshwa vizuri hutenganisha mambo hayo. Msimamizi ni mmoja, mtunza mali ni benki nyingine, mkaguzi ni wa tatu. Ukipewa karatasi za mfuko wowote, kabla ya kusoma faida tafuta jina la mtunza mali. Kama halipo, funga karatasi. Na leseni usiitazame kwenye tovuti yao. Itazame kwenye orodha ya mamlaka inayotoa leseni.

Haya, nimewatisha vya kutosha. Tuje kwenye njia halali, na swali letu ni lilelile.

Unapoikopesha serikali kwa kununua hatifungani, aliye macho ni mlipa kodi. Ndiyo maana faida yake ni ya wastani na inajulikana mapema. Ni kitu cha heshima, ingawa si cha kufumbia macho kabisa: Argentina iliacha kulipa madeni yake mwaka 2001, na mwaka 2012 watu binafsi na benki waliokuwa wanaidai Ugiriki kwa hatifungani walikubali kukatwa zaidi ya nusu ya thamani iliyoandikwa.

Hisa ni jambo jingine. Hisa si tiketi ya bahati nasibu, ingawa kuna wanaoicheza hivyo. Ni kipande cha kampuni. Walio macho ni wafanyakazi wa kampuni ile na wateja wanaonunua bidhaa zake. Wakipata faida, sehemu inarudi kwako kama gawio na sehemu inabaki kukuza biashara. Wakipata hasara, nawe umo. Wala kampuni kubwa haina kinga. Enron ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa Marekani. Hisa yake mwaka 2000 ilifika dola 90, na kabla mwaka 2001 haujaisha ilikuwa chini ya dola 1. Waliong'atwa vibaya zaidi ni wafanyakazi wake walioweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za mwajiri wao. Mshahara na pensheni viliondoka kwa mlango mmoja.

Dawa ya hilo ni kununua kidogo katika kampuni nyingi, na mtu wa kawaida anaiweza kupitia mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Miongoni mwa mifuko hiyo kuna aina ambayo msimamizi wake hajaribu kubashiri nani atashinda. Ananunua soko zima kama lilivyo, kwa ada ndogo. John Bogle alipoanzisha mfuko wa namna hiyo kwa wananchi wa kawaida mwaka 1976 alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata milioni 11 na kidogo. Walimcheka, wakauita upumbavu wa Bogle. Miaka mingi baadaye, Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Kimarekani, aliweka dau la dola milioni 1 kwamba mfuko wa kufuata soko tu, kwa miaka 10 kuanzia 2008, utaishinda mifuko ya mabingwa wanaotoza ada nene. Mpinzani wake alichagua mifuko mitano. Hakuna hata mmoja uliofua dafu.

Kwa nini? Sababu kubwa ni ada. Tazameni ilivyo. Fedha ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, miaka 30 inazidishwa mara 17 na zaidi kidogo. Ikikua kwa asilimia 8, inazidishwa mara 10. Kwa hiyo msimamizi anayekwambia "mimi nachukua asilimia 2 tu" ameondoka na sehemu nne na zaidi katika kila kumi za fedha zako za uzeeni, na hakuna siku hata moja uliyomwona akizibeba. Mimi huyu naona ni ulaji wa adabu kuliko wote.

Nyumba ya kupangisha? Naona wengi mmetabasamu. Hii ndiyo ndoto ya kila mtu, na si mbaya. Ila mtu asije akawaambia ni pesa ya usingizini. Nilipopata chumba na sebule vya kupangisha, simu ya kwanza kutoka kwa mpangaji iliita saa tano usiku: bomba la jikoni limepasuka, maji yamefika kwenye zulia. Nilienda na tochi mdomoni, nikafunga koki ya nje, nikamtafuta fundi hadi saa nane. Aliye macho, mabibi na mabwana, nilikuwa mimi. Na hesabu yake watu huikosea palepale mwanzo: wanazidisha kodi ya mwezi mara 12. Ondoa mwezi mmoja nyumba inapokaa tupu, ondoa matengenezo, kodi ya serikali, bima, dalali. Nyumba iliyoonekana inarudisha asilimia 8 ya bei yake, mimi mkononi nilibaki na kama nne na nusu. Bado sijauza, lakini siku hizi naiita biashara ndogo yenye kelele.

Nimewahi kuulizwa, "Kumbe hakuna kabisa kipato tulivu?" Kipo. Lakini kabla ya kutulia huwa ni jasho la zamani lililohifadhiwa, au ni hatari uliyokubali kuibeba. Anayekupa bila jasho wala hatari anakuficha kimojawapo.

Sasa, uhuru wenyewe ni kiasi gani? Hapa watu husema "nikiwa milionea", "nikiwa na nyumba tatu". Namba yako haitokani na utajiri wa jirani, inatokana na matumizi yako. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Kimarekani, William Bengen, alipekua historia ya masoko ya nchini mwake akitafuta jambo moja: mstaafu mwenye mchanganyiko wa hisa na hatifungani anaweza kutoa kiasi gani kila mwaka, akipandisha kulingana na mfumuko wa bei, bila kuishiwa kwa miaka 30? Akapata kama asilimia 4 ya mtaji wa siku ya kwanza. Geuza hesabu hiyo, utapata kwamba mtaji unaohitajika ni matumizi yako ya mwaka mara 25. Ni kipimo cha kukadiria, si amri. Kimetokana na historia ya soko moja lililobahatika, kwa miaka 30 tu. Anayeacha kazi akiwa na miaka 40, au anayeishi ambako bei zinapanda kwa kasi, azidishe mara 30 au zaidi.

Lakini tazameni kinachojificha ndani ya ile 25. Kila 1,000 unayoizoea kuitumia kwa mwezi inakudai mtaji wa 300,000 ili ijilipie yenyewe miaka hiyo 30. Na kila 1,000 unayoiacha inakupunguzia 300,000 za kutafuta. Ndiyo maana nasema kuweka akiba kunafanya kazi mara mbili: kunakuza chungu na kunapunguza ukubwa wa chungu kinachohitajika. Chukulia fedha zako zinakua kwa asilimia 5 baada ya kutoa mfumuko wa bei. Anayeweka sehemu moja ya kumi ya kipato chake atafika kwenye mara 25 baada ya miaka 51. Anayeweka robo, miaka 32. Anayeweka nusu, kama miaka 17. Mshahara sijautaja popote. Ingawa, tuseme ukweli, ni rahisi kuweka nusu kama nusu inayobaki inakutosha. Mtu ambaye mshahara wake wote unaishia kwenye pango na ada za watoto hahitaji kuhubiriwa kuhusu kujinyima, anahitaji kipato zaidi. Kwake uwekezaji wa kwanza ni ujuzi wa mikono au wa kichwa, na simwonei haya kumwambia aiache habari ya hisa kwa sasa.

Na mwenye deni la riba kubwa naye asubiri. Mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, ukiachwa ujilimbikize, baada ya mwaka unadai zaidi ya mara tatu ya ulichokopa. Hakuna mfuko duniani utakaokupa faida ya namna hiyo. Kulipa deni hilo ndio uwekezaji bora utakaoupata, na hauna hata ada. Upande ule wa deni, aliye macho ni wewe, na anayelala ni mwingine.

Nimalizie habari ya muda, maana ndipo watu wengi hukata tamaa. Tuseme unaweka 10,000 kila mwezi na inakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Miaka 10 ikipita umeweka milioni 1.2 na una kama milioni 2. Unajitazama, unajiona mjinga: miaka kumi, ndiyo hii? Wengi hutoa hapo, wakanunua gari. Aliyebaki, mwaka wa 20 ana milioni 7.6. Mwaka wa 30 ana milioni 22.6, na zilizotoka mfukoni mwake ni milioni 3.6 tu. Yaani milioni 15 zimekuja katika miaka kumi ya mwisho. Miaka kumi ya kwanza ilikuwa ya kuchimba msingi, na msingi hauonekani barabarani.

Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa. Ila kibaba chenyewe kina tundu, nalo ni mfumuko wa bei. Kuna njia ya haraka ya kulipima: gawanya 72 kwa asilimia yoyote, utapata idadi ya miaka ya kitu kuongezeka maradufu. Bei zikipanda kwa asilimia 6, baada ya miaka 12 kila kitu ni bei mara mbili, na fedha iliyokaa kwenye godoro imepoteza nusu ya nguvu yake bila mwizi kuingia.

Mstari wa kupanda wa ile akiba ya 10,000 kwa mwezi, hata hivyo, hauko nyoofu kama nilivyousoma. Soko la New York lililoanguka mwaka 1929 lilirudi kwenye kilele chake mwaka 1954. La Japani lililofika kileleni Desemba 1989 lilikipita kilele hicho Februari 2024, miaka 34. Wenye gawio waliumia kidogo kuliko namba hizo zinavyoonyesha, lakini waliumia. Ndiyo maana fedha ya ada ya shule ya mwakani haiendi kwenye hisa, na fedha ya uzeeni haikai yote kwenye nchi moja. Na ndiyo maana kabla ya vyote unahitaji akiba ya dharura ya miezi kadhaa, mahali pa kuifikia siku hiyohiyo, ili bomba likipasuka usilazimike kuuza hisa siku soko limelala chali.

Mdogo wangu alinunua mashine yake ya pili, ikachelewa mwaka mmoja na nusu. Mchango wangu ulikuwa nusu ya bei, na nilikuwa nadaiwa zaidi ya hapo. Siku hizi, nikisikia fursa yoyote mpya, namweleza yeye kwanza. Nikishindwa kumjibu swali lake kwa sentensi mbili, narudisha simu mfukoni.

Chini ya kila kiti kuna karatasi na kalamu. Naomba mzitoe. Juu kabisa andikeni mlichotumia mwezi uliopita, chote, pamoja na kile mnachokificha kwa mwenzi wenu. Hakuna atakayekusanya. Zidisheni mara 12, halafu mara 25. Nawapa dakika kumi, kisha tutaanza maswali kutoka viti vya nyuma.